Wimbo Uliotoka Kabla ya Siku Yake

Ngozi ya ng'ombe ikipashwa kwa moto wa mabua ya mtama hutoa harufu ya nywele zilizoungua, vumbi na mafuta ya zamani. Asubuhi za kipupwe harufu hiyo ilitufikia nyumbani kabla jua halijachomoza, ikitoka kwenye kichaka kilichokuwa nyuma ya mashamba yetu, upande wa kwenda Runzewe. Mama aliponusa tu alinyanyuka kukoroga uji, kwa kuwa alijua ngoma zimeanza kukazwa na wanaume watakuwa na njaa. Nami nilijitwika mtungi wa uji nikafuata njia, miguu yangu ikiwa imelowa umande na meno yakigongana. Nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi hivi, katika ile miaka ya thelathini ambapo vijana wa kwetu walianza kuacha majembe na kwenda kutafuta dhahabu kwenye vilima vya Geita. Jina langu lilikuwa Kabula, maana nilizaliwa mvua ikinyesha. Jina la Marta nililipata baadaye, na katika habari hii nitaeleza lilikuja pamoja na nini.

Waliokuwa kichakani walikuwa watu wa chama cha Bana Mbeho, yaani watoto wa baridi. Waliitwa hivyo kwa sababu walifundishana nyimbo alfajiri tu, wakati wa baridi kali, ambapo hakuna mtu mwenye akili zake anayetembea ovyo. Babu yangu alikuwa mmoja wa walioanzisha chama hicho. Walikuwa wapagazi, waliobeba mizigo mpaka pwani na kurudi, na njiani walikuwa wakiimba ili miguu isihesabu safari. Kazi ya upagazi ilipokwisha walibaki na nyimbo bila mizigo, wakaamua kulima pamoja kwa ngoma, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwanachama akifa, wenzake walimlimia mjane wake misimu mitatu. Baada ya mavuno walitoka kushindana na chama cha ng'ambo ya mto. Vyama viwili viliingia uwanja mmoja siku moja, kila kimoja na ngoma zake, na watazamaji walikuwa huru kwenda watakako. Hapakuwa na mwamuzi. Chama kilichobaki na watu kilikuwa kimeshinda, na kile kilichobaki kinacheza mbele ya majani matupu kilirudi nyumbani bila kusalimiana na mtu.

Ndiyo maana wimbo mpya ulifichwa kuliko ng'ombe. Mtunzi, ambaye kwa Kisukuma tunamwita ningi, aliutunga peke yake porini, kisha akaufundisha kichakani, na kila mwanachama aliweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma akaapa kwamba wimbo hautamtoka mdomoni mpaka siku yake ifike. Wimbo ukitoka kabla, ulihesabiwa umekufa, na ningi wake alirudisha usinga wa chama, ule wa mkia wa nyumbu, asiushike tena maisha yake yote. Hawakuuliza sababu. Baba yangu, Ndalahwa, ndiye aliyekuwa ningi wa Bana Mbeho miaka ile.

Mwaka ninaousimulia, baba alitunga wimbo wa mdogo wake. Baba mdogo alikuwa amekwenda Geita na sururu na mfuko wa unga wa muhogo, na habari iliyorudi ni kwamba shimo lilimfunika yeye na wenzake wawili, wakaachwa humo humo. Hatukupata mwili wala nguo. Bibi aliendelea kumpakulia chakula jioni, akakifunika, na asubuhi akawapa mbwa. Baba hakulia mbele yetu. Alikwenda porini siku nyingi, na aliporudi alikuwa na wimbo. Maneno yake kwa Kiswahili ni kama haya:

Mdogo wangu, mama amepakua,
toka shimoni uje ule.

Mwishoni sauti ilipanda juu, ikakaa huko, kama ya mtu anayemwita aliye mbali na kungoja ajibu. Niliusikia nikiwa nimepakata mtungi. Wanaume wazima waliinamisha vichwa. Mzee Nkwabi, mkuu wa chama, alisema, “Ndalahwa, huu ukitoka uwanjani, hata wa ng'ambo watakuja kulia kwetu.” Baba akajibu, “Sitaki walie. Nataka wamsikie.” Watoto hatukuapishwa. Walidhani hatuna masikio.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kwenda misheni kwa mafundisho ya ubatizo. Baba hakubatizwa, lakini hakunizuia. Alisema nijifunze herufi, hizo nyingine nitaamua nikikua. Mwalimu wa dini, Yohana, alikuwa mtu mpole mwenye sauti nzuri, aliyechoshwa na tenzi za Kizungu ambazo ndimi zetu zilizikokota kama gogo. Siku moja nikifagia kanisa nilikuwa nikivumisha sauti ya ule wimbo, midomo nimeifumba. Sikutamka neno hata moja. Katika akili yangu ya kitoto wimbo ulikuwa maneno, na maneno nilikuwa nimeyatunza.

“Kabula, hiyo ni nini unayoivumisha?” Yohana aliuliza.

“Si kitu, Mwalimu.”

“Si kitu namna gani? Hebu rudia. Pale mwishoni, inapopanda.”

Nikarudia. Akakaa juu ya benchi, akafumba macho, akaniambia nirudie tena, kisha tena. “Inapanda kama mtu anayefufuka,” alisema. “Umeipata wapi?”

Nikamwambia imenijia. Huo ulikuwa uongo, na niliusema nikiwa nimesimama mbele ya altare na ufagio mkononi. Niliusema kwa sababu nilitaka sana kubatizwa na wenzangu wakubwa, na Yohana alikuwa amekwisha kusema mimi bado mdogo. Akanipapasa kichwa akasema mtoto anayeletewa sauti kama hiyo hana sababu ya kungojeshwa. Siku chache baadaye alikuwa ameiwekea maneno: Bwana ametoka kaburini, furahini nyote. Alituimbisha kwa kupiga makofi, kwa haraka, kwa shangwe. Jumapili ilipofika mimi ndiye niliyeanzisha, na kanisa zima likaitikia. Nje, kwenye madirisha yasiyo na vioo, walisimama vijana waliokuja kutazama tu, na miongoni mwao walikuwamo wa ng'ambo ya mto. Niliwaona. Nilifurahi kwamba wananitazama.

Siku ya mashindano ilikuja wiki iliyofuata. Uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya vichuguu. Baba aliingia na usinga begani, akanyamazisha ngoma, akaanza polepole, peke yake. Hakufika mstari wa pili. Upande wa pili mtu mmoja alidakia kwa sauti ya kanisani, “Furahini nyooote!” na chama chao chote kikaitikia kwa makofi, kwa haraka ile ile aliyotufundisha Yohana.

“Ndalahwa, umebatizwa lini?” mmoja alipiga kelele.

“Mleteeni maji, mleteeni maji! Mbona kichwa bado kikavu?”

“Ningi mzima unaomba nyimbo kwa katekista!”

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikaona umati ukigeuka taratibu kama ng'ombe walioonyeshwa maji, ukavuka kwenda upande wa pili. Wapiga ngoma wetu walijaribu kuendelea, kisha mikono ikashuka mmoja mmoja. Baba hakuacha. Aliuimba mpaka mwisho, akapandisha ile sauti, akangoja kama alivyokuwa akingoja kichakani. Bibi peke yake ndiye aliyebaki amesimama mbele yake.

Mzee Nkwabi alikuja akanyoosha mkono. “Tuambie aliyeutoa,” alisema, “na usinga utabaki kwako. Tutamtoa yeye.” Hilo halikuwa katika taratibu zao. Nadhani alikuwa anampenda. Baba aliangaza macho kwa watoto waliokuwa juu ya vichuguu, akaniona, akayaondoa. “Niliutoa mimi,” akasema, na akampa usinga. Nilikuwa na ulimi, na miguu ya kushukia. Sikushuka.

Jioni alikuwa akichonga mpini wa jembe mlangoni. Aliniita.

“Kabula. Katika maneno yenu, huyo mtu anatoka?”

“Anatoka, Baba. Siku ya tatu.”

Alichonga kidogo. “Wetu hajatoka,” alisema, na huo ulikuwa mwisho wa mazungumzo yetu juu ya jambo lile. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakutunga tena wala kuimba, hata kwenye kilimo. Bana Mbeho walitafuta ningi mwingine wakakosa. Vijana wao waliondoka mmoja mmoja kwenda kwenye dhahabu, na ngozi za ngoma zikaliwa na mchwa. Mimi nilibatizwa Noeli ya mwaka ule ule, mdogo kuliko wote mstarini, nikapewa jina la Marta.

Sasa ni mzee, naishi Kalangalala, mjini Geita, kwa mwanangu, na namshukuru Mungu kwa kila siku aliyonipa. Imani ile imenilea, imenizikia mume na watoto wawili, sikuwahi kuona njia nyingine ya kuishi. Nyimbo siku hizi hazifichwi. Kijana anatunga asubuhi, mchana wimbo uko kwenye simu za mji mzima, na hilo ndilo alitakalo. Wimbo wa baba upo katika daftari la kwaya yetu. Huimbwa kila Pasaka kwa kinanda cha umeme. Mwaka juzi nilimwendea mwalimu wa kwaya, kijana mwenye adabu.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Ule wimbo wa Pasaka una mwenyewe. Naomba uandike jina lake pale juu.”

Alisikiliza yote kwa heshima. Kisha akauliza, “Huyo mzee alikuwa Mkristo, Bibi?”

“Hapana.”

“Basi itakuwa vigumu kidogo. Na hata hivyo nyimbo za kanisa ni za Mungu, au sivyo?” Akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amenishika mkono nisijikwae.

Sina kinyongo na kijana yule, wala na Yohana, aliyekufa akiamini kwamba malaika walinivumishia. Mungu naye hakuniomba wimbo ule. Nilimpelekea mimi, nikiwa nimeuondolea jina la mwenyewe. Jambo hili nimeliungama kwa mapadre watatu katika maisha yangu, na wote watatu walinijibu kwa upole kwamba mtoto wa miaka ile hana dhambi katika hilo, niende na amani. Hakuna dhambi, hakuna maondoleo. Nimeinuka pale kwenye kiungamio mara tatu nikiwa nayo vile vile.