Neno la Kurudishiwa

Nilisikia kandambili zake zikiburuza kokoto kabla sijamwona mlangoni pa steshenari yangu, hapa mtaa wa Chuno, mjini. Alikuwa mama mmoja kutoka kijiji cha Kitaya. Mumewe alivunjika mguu akifanya kazi kwenye kampuni ya wageni, na mama huyo akakodi gari kwa fedha zake kumleta hospitali. Mimi ndiye niliyemwandikia barua ya Kiingereza kuomba arudishiwe gharama hiyo. Sasa alinipa majibu.

"Nisomee, mwanangu. Wamekubali?"

Walikuwa wamekataa. Hawajamuuzia kitu, waliandika, hivyo hawana cha kurudisha. Nikaitazama nakala yangu. Niliandika "refund", neno la mteja anayerudishiwa bei ya bidhaa. Nilipaswa kuandika "reimburse", neno la aliyetoa chake kwa jambo lililowahusu wengine. Kwetu yote ni kurudishiwa.

"Kosa langu, mama. Naandika upya, bure."

"Andika Kiswahili! Kiingereza chako kimeshaniponza. Nitakwenda kuwasomea mwenyewe."

Nikaandika. Akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la khanga. Nilipofungua kinywa kumwambia kwamba meneja wao hajui Kiswahili, alikwishafunga mlango nyuma yake.