Sabuni Nayo Iliziua

Niliporudi Kakamega miaka ya tisini na stashahada ya maabara kutoka ng'ambo, hakuna jirani aliyehitaji kuuliza nilisomea nini. Nilikuwa nimeshamwambia. Nilijisomesha kwa kuosha masufuria ya mikahawa ya watu, na stashahada yenyewe niliitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi.

Jumapili moja, ukweni karibu na Khayega, niliwaeleza mashemeji kazi niliyoifanya kule. Seli za saratani ya titi, nikasema, zina walinzi wake, vimeng'enya vinavyozima cheche kabla hazijaiunguza seli. Sisi tulikamua maji ya mmea fulani, tukawalewesha walinzi, seli zikaungua zenyewe. Nilizitazama zikifa, kwa hadubini, mimi mwenyewe. Mashemeji waliacha kutafuna ingokho, kuku wa kienyeji aliyechinjiwa mkwe.

Nyuma ya ukuta palikuwa jikoni, na jikoni alikuwamo mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja wala hawapeani mkono. Kusikilizana hakukatazwi.

Baada ya siku chache mke wangu akaniambia kwamba mama ana uvimbe titini, daktari wa misheni anataka kumpasua, na mama amekataa. Anangoja chupa ya mkwe wake.

Basi mimi, mtu pekee katika lokesheni nzima aliyewahi kuona seli za titi zikifa, ndiye niliyekatazwa kumtazama mgonjwa hata usoni. Niliwekewa kiti nje, chini ya dirisha la jikoni, mgongo ukutani. Yeye aliketi ndani, mgongo kwenye ukuta uleule.

"Mama, ile haijawa dawa."

"Si ulisema iliziua?"

"Iliziua, lakini ndani ya kisahani cha maabara. Kwenye kisahani hata sabuni ya kufulia inaziua."

Nikasikia kifuniko kikigonga sufuria.

"Ulipanda ndege kwenda kuona sabuni?"

Shemeji mmoja alikohoa vibaya upande wa zizi. Nilianza kufafanua tofauti, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Hakuningoja.

"Mkwe. Mwenye hizo seli, alipona?"

Mitihani yangu yote niliipasi vizuri sana, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Hapana, mama. Alikufa zamani. Seli zake ndizo zilizobaki, zinakuzwa kwenye chupa."

"Mimi nakunywanga mizizi tangu tupande mahindi, na uvimbe uko tu. Sasa unaniletea dawa ya marehemu." Kisha akamwita mke wangu. "Nitolee nguo ya kanisa. Kesho nipelekwe misheni, wanipasue."

Gari pekee katika boma lile lilikuwa langu, na mama mkwe hangeweza kulipanda nikiwamo. Likaendeshwa na shemeji aliyezoea trekta za miwa, kwa gia ya pili hadi hospitalini. Mimi nilifuata nimebebwa na boda boda ya baiskeli, nimevaa tai, vumbi la gari langu likiniingia puani.

Alipasuliwa, na yu hai. Wageni wakija nikiwa upande wa pili wa ukuta, huongeza sauti ili nisikie.

"Mkwe wangu ndiye aliyenishauri. Amesoma sana huyo, ng'ambo, mambo ya sabuni."