Bao la Zuhair Lililopungukiwa

Alipokuwa Unguja, Zuhair alikuwa na ulimi wa kuuza maneno. Barazani watu walisogea kumpisha akae, maana akikaa yeye mazungumzo yananoga. Sasa mngemwona Ibra, mji wa Omani alikohamia na mkewe, mwaka wa sabini na nane! Fundi wa mitambo ya umeme, mshahara mzuri, nyumba ya saruji, na mwenyewe kimya kama kinu. Akitoka kazini anafunga mlango, anakaa kitako ukumbini na kuutazama ukuta. Moyo unamwenda mbio na yeye hajakimbia. Usingizi haumjii. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa wowote, na habari hiyo ikamtia hofu zaidi.

Balaa lilianzia sabla, ukumbi wa mtaa ambamo wanaume hukutana kwa kahawa na tende. Jirani yake Khalaf, mzaliwa wa Ibra, alimpeleka huko wiki ile ile waliyohamia. Wakamkaribisha vizuri, na mkubwa wao akamuuliza kwa Kiarabu, "Habari za huko utokako?" Sasa, mtu wa pale akiulizwa hivyo hujibu kuwa habari ni njema na hakuna jipya, hata kama jana paa lake limeanguka. Mengine huja baadaye, kwa kituo. Hilo Zuhair hakuambiwa na mtu. Yeye akazitoa habari zote alizokuwa nazo, kwa Kiarabu chake cha chuo cha Kurani: akaanza na mtambo ulioharibika, akapita kwenye jino la mkewe, akaja kwenye bei ya nyama, akamalizia na tumbo lake. Wazee wakatazamana. Vijana wakainamisha nyuso, mabega yakitikisika.

Tangu siku hiyo hakurudi tena sabla. Kila alipotaka kufungua mdomo mbele za watu, aliyaona yale mabega.

Mkewe, Kaltham, alimtania, alimpikia, alimsomea dua, wapi! Kwa kweli alikuwa anaogopa. Aliogopa kwamba mume wake atanyauka ndani ya kuta zile, na yeye atabaki kula na kulala na kivuli.

Mwaka ule mvua ikanyesha milimani, maji yakashuka bondeni kwa kishindo, yakaangusha mkunazi mkubwa katika shamba la Khalaf. Khalaf akaukata vipande, akawaletea majirani kuni. Kaltham akachagua kipande kimoja kilichonyooka, akakiweka mapajani mwa mumewe.

"Bwana, kijiko cha bati kinanikwaruzia sufuria. Nichongee mwiko."

"Mimi?"

"Basi nimwambie nani, huo ukuta unaoutazama?"

Katika sanduku walilosafiri nalo mlikuwa na patasi na nyundo za ami yake, aliyekuwa akichonga milango Unguja. Zuhair alimsaidia ujanani, akajua mawili matatu. Akatoka uani, akakaa mkekani, akaanza. Mkunazi ni mti mgumu, hautaki haraka. Ukiulazimisha unakupasukia mkononi. Ilimbidi atazame nyuzi za mti zinaelekea wapi, azifuate, apige kidogo, apulize banzi, atazame tena. Pumzi zake zikaanza kufuata nyundo. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limeshahama ua mzima. Usiku ule alilala mpaka Kaltham akamwekea kidole puani kuhakikisha kwamba anapumua.

Basi ikawa miiko. Mwiko wa wali, mwiko wa uji, mwiko wa kugeuzia mkate, na mingine ambayo hata Kaltham hakujua ni ya nini.

"Tuna miiko ya kupikia harusi," alimwambia, "na wa kuwapikia hatuna!"

Zuhair alicheka, akafikiri kidogo, akasema atachonga bao. Akatafuta gogo pana, akalisawazisha kwa tezo, akaanza kuchimba mashimo. Kila shimo alilizungusha polepole kama mtu anayekwangua kikombe cha halua. Kwa siku nyingi hakufikiria mabega ya mtu. Raha ile ilikuwa kubwa, na ndiyo iliyomponza. Alipomaliza, akapiga msasa, akapaka mafuta, akamwita mkewe aje aone. Kaltham akaona. Akahesabu kimya, akahesabu tena.

"Bwana, mbona saba?"

Bao la kwetu lina safu nne, na kila safu mashimo manane. Mtoto wa Unguja anajua hilo kabla ya kujua kuvaa viatu. La Zuhair lilikuwa na saba kila safu, yamepangika vizuri mno, na hapakuwa na nafasi ya kuongeza hata moja.

Uso ukamwanguka. "Hata bao!" alisema. "Hata bao limenishinda!" Akalichukua, akalitupa nje ya mlango pamoja na kuni, akarudi ukumbini kwenye ukuta wake.

Haukupita muda, mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa Khalaf, amelikumbatia bao.

"Nani kachonga hawalis?" akauliza kwa Kiarabu, macho yamemtoka. "Sisi tunachimba mchangani, upepo unafukia! Wallahi sijapata kuona ya mti!"

Ndipo Zuhair alipojua kwamba watu wa Ibra nao wana bao lao, ndiyo hiyo hawalis, safu nne, kila safu mashimo saba. Khalaf hakungoja karibu. Akakaa pale pale kizingitini, akajaza kokwa za tende, akamvuta Zuhair kwa mkono wa kanzu. Wakacheza. Khalaf akaiba kokwa. Zuhair akamwona, akasahau kuogopa, akamfokea kwa Kiarabu kilichopinda kila mahali, na Khalaf akamjibu, wakashindana mpaka wapita njia wakasimama kuamua. Kesho yake wakaenda sabla, bao likiwa kichwani kwa Zuhair. Kaltham alishinda mlangoni.

Jioni Zuhair akarudi mikono mitupu, na Kaltham akashika kifua.

"Bao liko wapi? Wamekucheka tena?"

"Wamenicheka sana, na mimi nimewafunga. Bao wamelizuia. Mkubwa wao kalificha nyuma ya mto wake wa kuegemea, anasema nikirudi nalo nitajifungia nalo nyumbani."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nimemwambia kesho nitakwenda mapema, asije mtu akakaa mahali pangu."

Kaltham akageuka haraka kwenda jikoni. Huko akalia kwa furaha, tena kwa sauti, wala hakujali nani anamsikia.