Chupa Kutoka Lusu

Nilizaliwa na shaka. Mama, pale kwetu Cheyo, alikuwa akilalamika kwamba nikiandaliwa chakula nakichungulia kwanza kama kina mguu. Tabia hiyo ilinifaa nilipopata kazi katika maabara ya mifugo mjini Tabora, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya Ujamaa. Nilitafuta ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba, ambao binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi. Homa yake huja na kuondoka, viungo vinauma, na mtu hunywa dawa za malaria mpaka masikio yanavuma, asipate nafuu.

Dada yangu, aliyeolewa Lusu, alikuwa na homa ya namna hiyo mwaka mzima, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Kwake mshukiwa alikwishapatikana: mama mkwe wake, mjane mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Macho hayo tu yaliwatosha majirani kumwita mchawi.

"Chemsheni maziwa," nilimwambia shemeji.

"Baba yangu aliyanywa mabichi mpaka akazeeka. Lisemwalo lipo, shemeji. Wewe pima ng'ombe. Wakiwa wagonjwa, nitanyamaza. Wakiwa wazima, mama ataondoka hapa."

Basi nikatuma chupa kwa mkono wa bwana mifugo, zikarudi zimejaa. Kipimo chenyewe ni chepesi: unatia tone la dawa ya zambarau ndani ya maziwa, unayaweka penye joto kwa saa moja. Maziwa yakiwa na ugonjwa, rangi hupanda juu pamoja na mafuta ikafanya pete, na chini pakabaki peupe. Yakiwa salama, rangi hubaki imeenea kote.

Maziwa ya kwa dada yalikuwa mepesi mno. Nilimshuku shemeji kwamba amekamua ng'ombe wa jirani ili apate sababu ya kumfukuza mama yake. Nilimshuku bwana mifugo kwamba hakufika Lusu, alijaza chupa njiani na kuongeza maji. Hata dada nilimshuku kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa amemchoka yule mama. Lakini majina yaliyoandikwa kwenye chupa yalikuwa sawa, na pete haikutokea. Nikaandika kwamba ng'ombe hawana ugonjwa, nikagonga muhuri.

Wiki chache baadaye dada akaja mjini kutibiwa, amekonda. Aliniambia shemeji aliisoma karatasi yangu kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti na mabalozi wa nyumba kumi. Mama mkwe hakujitetea. Alifunga nguo zake na vyungu viwili, akapanda treni kwenda kwa kaka yake Tura.

"Chupa alijaza nani?" nikauliza.

"Si yeye mwenyewe mama? Maziwa ya nyumba ile yalikuwa mikononi mwake. Alichukua ya jana yake jioni, akaengua mafuta ya samli kama siku zote, akajaza. Bwana mifugo alimwonya asitie maji, na hakutia hata tone."

Nilikaa kwenye kitanda chake cha hospitali. Kipimo changu kinasomwa kwenye mafuta. Bila mafuta pete haina pa kukaa. Na mwanamke gani wa Lusu angetoa maziwa nje ya nyumba kabla ya kuyaengua? Samli ndiyo inayomnunulia chumvi na sabuni. Maagizo tuliyotuma vijijini yalijaa onyo la maji, chupa chafu na jua kali. Kuhusu mafuta hatukuandika neno. Nilikuwa nimewashuku watu watatu, na mwenye kosa ndiye aliyekuwa ameshika muhuri. Niliona aibu, tena aibu yenye hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia ila mimi.

Nikaenda Lusu nikakamua kwa mikono yangu. Ng'ombe wawili walitoa pete nzito. Dada alianzishiwa dawa inayostahili, na maziwa yakaanza kuchemshwa. Shemeji aliipokea karatasi mpya, akaisoma kimya, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Nikamwuliza mkutano ni lini. Akasema watu wako mashambani, tutaona.

Nakala nikaipeleka Tura mwenyewe. Nilimkuta yule mama uani, nyuma ya nyumba ya kaka yake, anabangua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakunikaribisha kukaa. Nikamsomea karatasi nikiwa nimesimama, neno kwa neno, nikamweleza habari ya mafuta na kwamba kosa lilikuwa letu, si lake. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya ungo.

"Ile ya kwanza walinisomea mbele ya kijiji kizima," akasema. "Hii umekuja kunisomea uani."