Maneno Yaliyopita Uani Kwetu

Juzi, stendi ya Bunda, nilimwona mtoto anaongea na baba yake aliye mbali, wanaonana mpaka sura kwenye simu. Nikaikumbuka redio yetu ya Mugango.

Baba, Mafuru, alikuwa amelazwa hospitali Mwanza. Kila mchana mama alikuwaga anaanika betri juu ya jiwe, katikati ya dagaa, zipate nguvu ya kutufikisha kwenye matangazo ya wagonjwa na vifo. Betri mpya zilikuwepo. Magesa wa duka la ushirika alizificha chini ya kitanda, akawa anauza kwa mlango wa nyuma, huku akimwambia mama, "Shemeji, hata tochi yangu imekufa."

Siku ile mama alizipachika zikiwa bado za moto, zinanuka dagaa. Mtangazaji akasema, "Ndugu na jamaa wa Mafuru wa Mugango..." Sauti ikaanza kufifia. Mimi nikajua bwana yule wa redioni anaondoka zake. Nikaikumbatia redio, nikakimbia nayo njiani kumfuata.

"Rudi, we mtoto," mama akaita. "Unampeleka wapi baba yako?"

Habari tulizipata kwa barua. Watu baki walikuwa wameshamzika baba.

Fundi redio mmoja wa Musoma alikuja kunieleza kwamba mawimbi hayakatiki hata betri ya msikilizaji ikiisha. Kumbe maneno yote yalifika, mpaka la mwisho. Yalipita uani kwetu, yakapita mwilini mwa mama, na yeye amesimama pale akiyangoja.