Siku Tuliyopita Kaburini Bila Kushuka

Utotoni mwangu, huko vilimani upande wa Kutulo, kulikuwa na mahali ambapo hakuna mtu aliyethubutu kupita akiwa amepanda mnyama. Lilikuwa kaburi, rundo la mawe lililomzidi mtu mzima kwa urefu, na wazee walisema amelala humo mmoja wa Watu Warefu walioishi nchi ile kabla yetu. Hao ndio waliochimba visima kwenye mwamba mtupu. Ayeyo, nyanya yangu mzaa baba, aliniambia kuwa wanawake wao hawakuhitaji kamba; waliinama tu kisimani na kuteka maji kwa mkono. Ukifika kaburini unashuka kwenye ngamia, unatoa salamu, unaongeza jiwe lako, unatembea kidogo, ndipo unapanda tena. Anayepita bila kushuka, alisema ayeyo, atarudi kwao kwa miguu.

Nililelewa na ayeyo kwa sababu mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Baada ya maziko, baba alikwenda Garissa kutafuta kazi, akakaa huko. Alituletea sukari na vitambaa kwa mkono wa madereva wa malori ya mifugo. Kwa hiyo nilijua sukari ya baba, lakini baba mwenyewe sikumjua.

Mwaka nilioanza kuota meno mapya ya mbele, alikuja. Alishuka kwenye lori akiwa na mfuko mmoja na baiskeli nyeusi, nzito, yenye kengele. Watoto wote walikimbilia baiskeli. Mimi nilikimbilia nyuma ya gauni la ayeyo.

Usiku niliwasikia wakizungumza. Alitaka kunipeleka Garissa nikasome. Ayeyo akamjibu, "Huyu si mbuzi wa kufungwa kamba. Lori linaondoka Ijumaa. Akikubali mwenyewe kupanda, mchukue. Akilia, utaondoka peke yako, na usinikasirikie."

Nililala nikijua la kufanya. Ijumaa nitalia.

Baba naye hakunibembeleza kwa maneno mengi. Asubuhi moja aliosha baiskeli, akakunja koti lake akalifunga juu ya keria ili nisiumie, akamwambia ayeyo kuwa anataka kunionyesha visima na vilima vyetu kabla sijasahau nilikozaliwa. Ayeyo aliizunguka baiskeli kama anayekagua mnyama sokoni.

"Mkifika kwa Mrefu, mshuke," alisema.

"Mama, hii si ngamia. Hiki ni chuma."

"Inakula?"

"Haili."

"Inakunywa?"

Baba alikuna kichwa. "Mafuta kidogo, kwenye cheni."

"Basi inakunywa. Na wewe unakaa juu, yenyewe inakubeba. Umepanda." Akakipiga kiti kofi. "Tena mnyama asiyepiga magoti bwana wake akishuka ana kiburi. Shukeni."

Baba alicheka, akaahidi.

Tulizunguka vilima vile asubuhi nzima. Kwenye miinuko alishuka akasukuma huku mimi nimekaa juu kama bibi harusi. Kwenye tambarare alipiga kengele bila sababu, na dikidiki waliruka vichakani. Sikucheka, ingawa nilitaka. Watoto wanaobebwa kwenye keria humshika anayeendesha shati. Mimi nilishika chuma cha kiti. Najua aliona, kwa maana kila penye shimo alipunguza mwendo na kuuliza, "Umeshika vizuri?" nami nikaitikia kwa kichwa tu, kama kwamba ana macho mgongoni.

Kwenye visima vya mwamba, kuta zake zina mifereji iliyochongwa na kamba za watu wengi waliokwisha kufa. Baba aliweka kidole changu ndani ya mfereji mmoja na kidole chote kikazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinywesha ngamia alitupatia maziwa ndani ya kibuyu, akaniuliza kwa uchangamfu, "Na huyu ni nani wako?"

"Ni wa ayeyo," nikasema.

Yule mama alicheka sana. Baba pia alicheka, lakini alirudisha kibuyu kabla hajamaliza maziwa yake, na tulipoondoka hakupiga tena kengele.

Njia ya kurudi ndiyo inayopita kaburini. Kutoka juu ni mteremko mrefu wa changarawe, na kaburi liko katikati yake. Nililiona linakuja. Nilingoja tusimame. Upepo ulizidi, mawe yakaruka chini ya magurudumu, na baba akanyoosha shingo akapaza sauti, "Assalamu alaykum!" tukapita kama risasi.

"Hatukushuka!" nilipiga kelele. Nafikiri ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu aje.

"Breki ni moja, na yenyewe imechoka!" alijibu. "Tumemsalimia lakini!"

Chini ya mteremko kuna mgunga ambapo mbuzi hupumzika. Tulipofika hapo ilisikika sauti kama ya nyoka, baiskeli ikayumba, tukasimama. Tairi la nyuma lilikuwa limekaa chini. Baba alichomoa mwiba mrefu kama kidole, akautazama, akatazama kaburi kule juu, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Alikuwa na pampu na viraka, lakini gundi ilikuwa imekaukia ndani ya kopo lake kwa joto la safari.

Mimi sikucheka. Nilianza kulia, si kile kilio nilichokiweka akiba kwa ajili ya Ijumaa, bali kilio cha hofu kweli. Niliona Mrefu ameamka. Niliona ule mkono unaoteka maji bila kamba ukishuka mlimani kututafuta.

Baba aliacha kucheka. Nimewajua watu wazima wengi tangu siku ile, wema na wenye akili, na karibu wote wangeniambia pale kwamba hakuna kitu, ni mwiba tu, nyamaza twende. Yeye alipiga goti, akanifuta pua kwa ncha ya kikoi chake, akasema, "Kweli. Tumekosa adabu. Twende tukaombe radhi."

Akailaza baiskeli chini ya mgunga, akanyoosha mkono. Tukaupanda mteremko ule wote upya, jua la alasiri likituchoma usoni, mtu mzima na mtoto, kwenda kumwomba radhi marehemu asiye na jina. Mkono wake ulikuwa mgumu, wa mtu anayepakua magunia, na uliushika wangu kwa uangalifu kama kitu kinachovunjika. Pale juu alitoa salamu tena, polepole, kama anayeingia nyumba ya mkubwa wake. Alichagua jiwe lake. Langu alinipandisha mabegani ili niliweke mwenyewe pale nilipotaka.

"Mwambie na wewe," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kosa ni langu mimi. Wewe ulitaka tushuke."

Nilisema hivyo. Sijui kama Mrefu alisikia, ila mimi nilisikia.

Baada ya hapo tulitembea. Baiskeli ilisukumwa, tairi likigonga chini kama mzee mwenye mguu mbaya. Na kwa kuwa njia ilikuwa ndefu, baba alizungumza. Aliniambia kuhusu mama. Ayeyo hakuwahi, kwa sababu kila akianza alishindwa kumaliza. Baba alisema mama alikuwa na sauti mbaya kuliko zote vilimani, na hata hivyo aliimba, na mbuzi walimfuata kwa huruma. Alisema baada ya kumzika hakuweza kuwasikia mbuzi wale wakilia jioni. Ndiyo maana alikwenda mbali, akakaa mno, kisha akaona haya kurudi.

Sikuyaelewa yote. Niliyaelewa ya mbuzi. Nilikanyaga mwiba, akautoa kwa mwiba mwingine, akiupuliza mguu wangu kila mara kama chai ya moto. Tukaendelea.

"Aabo," nikasema, "nina kiu."

Alisimama. Alihangaika kufungua kamba ya kibuyu cha maji kama mtu asiyewahi kufungua kamba, na maji mengine yakamwagikia viatuni. Nilikunywa. Ilikuwa baadaye sana, tukiona moshi wa nyumbani, nilipokumbuka jina nililomwita: aabo, yaani baba.

Ayeyo alikuwa mlangoni pa nyumba yake ya mikeka, kiganja juu ya macho. "Ngamia wako amekufa?" aliuliza.

"Amechomwa mwiba," baba akajibu.

Nilimngoja ayeyo aseme, "Si niliwaambia?" Badala yake aliutazama mkono wangu, ambao ulikuwa umeshika shati la baba, akageuka akaingia ndani kupika chai. Alikawia sana na chai ile. Ijumaa alinipandisha kwenye lori mwenyewe, akanifunga kitambaa kichwani kwa nguvu kupita kiasi, na aliyelia si mimi.

Sasa naishi Waberi, hapa Garissa, na nina msichana wangu. Mume wangu ana duka dogo kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, na hurudi nyumbani mara chache. Watu wa huku nikiwasimulia habari ya Mrefu hucheka, wananiambia penye mgunga pana miiba, na mbuzi wakipumzika hapo miiba hutawanyika. Ni kweli. Sibishani nao. Ila huwa najiuliza kama ayeyo alipotuambia anayepita bila kushuka atarudi kwa miguu, alikuwa anatutisha au alikuwa anatuombea. Alifariki kabla sijawa mkubwa wa kumuuliza.

Mwezi uliopita mume wangu alirudi na pipi na kidoli. Binti yetu alijificha nyuma ya gauni langu, hataki hata kumtazama. Niliona uso wa baba yake, akijaribu kutabasamu, kidoli kikiwa kimening'inia mkononi. Alitaka kuita bodaboda iwapeleke wote wawili mtoni, apate kumfurahisha mtoto.

"Hapana," nikamwambia. "Tembeeni. Akichoka, mbebe. Akiogopa kitu, usimcheke."

Waliondoka, yeye mbele, mtoto nyuma, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Nikasimama mlangoni, kiganja juu ya macho, mpaka walipopinda kona. Kisha nikaingia kupika chai, nami nikakawia.