Taa ya Noti Dukani kwa Devendra

Mwinyimvua wa Ilala alikuwa fundi wa maabara katika shule ya binafsi, moja ya zile zilizoota kama uyoga biashara ilipofunguliwa. Hodari wa kazi, lakini maringo, Mungu amsamehe. Wiki hiyo alikuwa amefanya jambo la kuringia kweli. Alichukua jeni ya yavuyavu anayeng'aa baharini, akaichanganya na bakteria juu ya barafu, kisha akawatumbukiza ghafla kwenye maji ya moto mpaka wakaipokea. Kesho yake wakaota kama madoa kwenye visahani vya kioo. Kilichobaki ni kuwamulika kwa taa ya urujuanimno, aone kama nao watang'aa, na ya shule ilikuwa imeungua.

Taa kama ile ilikuwepo Kariakoo, dukani kwa rafiki yake Devendra, ya kukagulia noti bandia. Akaenda na visahani vyake mchana kweupe, duka limejaa wateja.

"Bwana Mwinyimvua, nenda nayo stoo," Devendra alimsihi.

"Stoo kwa nini? Waache watu waone sayansi."

Akawasha. Madoa yakawaka kijani kibichi. Mtu mzima na akili zake alisahau kwamba Kariakoo nzima inajua jambo moja tu kuhusu taa ile: kinachowaka ni bandia.

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo," alisema Safari, muuza mikanda wa pale mlangoni, ambaye alikuwa ametoka kulizwa kwa noti feki. "Huyu ndiye anayetuchapishia."

Ngumi ya kwanza ilimng'oa jino. Ya pili ikamlaza chini, visahani vikapasuka chini ya mgongo wake, na vioo vikamwingia. Wakamkanyaga mikono. Ubavu ukavunjika, akausikia mwenyewe. Devendra alijificha chini ya kaunta. Mmoja akaulizia petroli, na Safari akaja na tairi.

Hapo Mwinyimvua aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Taa ilikuwa imeanguka karibu naye, bado inawaka. Akaishika kwa vidole vilivyovunjika, akaielekeza kwenye shati jeupe la Safari. Shati likang'aa buluu.

"Tazameni," alisema huku akitema damu. "Na yeye anawaka."

Alitaka kumalizia kwamba ni sabuni ya unga tu, kila nguo nyeupe iliyofuliwa nayo huwaka vile. Hakuwahi.

"Kumbe wako wote," mtu akasema, na fimbo ikatua kichwani kwa Safari.

Wakamhamia. Hewa ikaanza kumrudia Mwinyimvua kifuani, tamu ajabu.

"Waambie, bwana," Devendra alinong'ona kutoka chini ya kaunta. "Waambie ni sabuni."

Safari alikuwa ameangushwa, uso umejaa damu, anamtazama yeye. "Kaka, waambie mimi simo."

Neno lilikuwa mdomoni, fupi, lisilo na ugumu wowote. Mwinyimvua akafumba mdomo, akaanza kutambaa kuelekea mlangoni.